Chiwanda na hesabu za Muungano: majaji watatu walivyosoma maoni ya wananchi

Juni 14, 1993, majirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa walipanga foleni kujibu swali moja: chama kimoja au vyama vingi? Zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura wa Malawi walichagua vyama vingi. Upande huu wa ziwa, huku Chiwanda, kusini mwa Mbamba Bay, swali hilohilo lilikuwa limekwishaamuliwa mwaka mmoja kabla, na hakuna aliyeshika karatasi ya kura.

Tanzania ilipita njia ya tume. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi alimkabidhi Jaji Mkuu Francis Nyalali kazi ya kukusanya maoni. Walisikilizwa watu zaidi ya 36,000, na takriban asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Nyalali na wenzake wakashauri vyama vingi. Waliona kwamba wengi wa waliokitetea chama kimoja walidai pia marekebisho makubwa ya mfumo wenyewe, na kwamba asilimia 20 ya wananchi si watu wa kufungiwa mlango. CCM ikaridhia, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Sijaona hesabu ya maoni iliyosomwa kwa busara kuliko ile katika nchi yetu.

Ila ripoti ya Nyalali ilishauri pia shirikisho la serikali tatu: ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Ushauri huo ulikataliwa. Wabunge 55 walipoibua hoja ya kuwa na Serikali ya Tanganyika bungeni mwaka 1993, Mwalimu Nyerere aliipinga kwa nguvu zake zote, nayo ikazimwa.

Suala hili si la Dodoma na Unguja peke yake. Mvuvi wa Chiwanda anayelalamikia leseni, au mkulima wa kahawa wa Umatengo anayetaka barabara, anadai mambo yasiyo ya Muungano. Hata hivyo yanaamuliwa na Serikali ya Muungano, kwa kuwa Tanzania Bara haina serikali yake. Uhamiaji kwenye mpaka wa Msumbiji ndio wa Muungano hasa.

Mwaka 1998 Rais Benjamin Mkapa aliunda kamati ya Jaji Robert Kisanga ya kukusanya maoni kuhusu katiba. Safari hii karibu watu tisa kati ya kila kumi waliotoa maoni walitaka serikali mbili ziendelee, lakini kamati ikashauri tatu. Mkapa alikataa waziwazi, akisema kamati imekwenda kinyume na wananchi. Hoja yake ilikuwa na uzito: mtu akiulizwa, jibu lake liheshimiwe.

Ndiyo maana yaliyotokea baadaye yananiuma. Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi nzima, na Machi 2014 Warioba aliliambia Bunge Maalumu la Katiba kwamba, kwa upande wa Bara, asilimia 61 ya waliozungumzia muundo wa Muungano walitaka serikali tatu. Zanzibar asilimia 60 walitaka Muungano wa mkataba. Siku chache baadaye Rais Jakaya Kikwete akaigeuza hesabu: kati ya watu 351,664 waliotoa maoni, waliougusa Muungano walikuwa 47,820 tu, yaani asilimia 13.6. Waliobaki, kwa maelezo yake, hawakuwa na tatizo nao.

Hesabu zote mbili ni sahihi. Tofauti ni unamgawanya nani kwa nani. Lakini kunyamaza si kuridhika. Mtu aliyekuja kuzungumzia ardhi yake hajaulizwa habari ya Muungano. Mbunge wetu wa Mbinga Magharibi wakati huo, Kapteni John Komba, alikuwa miongoni mwa waliozipinga serikali tatu kwa ukali mkubwa. Oktoba 2014 Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa na serikali mbili. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa, wala haijapigwa.

Watafiti wa vyuo na mashirika walikuwa na uwezo wa kuuliza kwa sampuli, bila kusubiri nani atajitokeza mkutanoni. Nguvu zao nyingi zimeonekana kwenye kubashiri rais. Mwaka 2010 REDET ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilimpa Kikwete asilimia 71.2, kampuni ya Synovate 61, akapata 62.8. Mwaka 2015 shirika la Twaweza lilimpa John Magufuli 65, kampuni ya Ipsos 62, akapata 58.46. Mshindi walimjua, ukubwa wa ushindi uliwapiga chenga wengi wao.

Julai 2018 Twaweza ilipotangaza kuwa wanaokubali utendaji wa rais wameshuka hadi asilimia 55, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) iliitaka ijieleze, na mkurugenzi wa Twaweza akanyang'anywa pasipoti. Mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ikakazwa, kisha ikalegezwa mwaka 2019.

Mradi wa Twaweza wa kuwahoji wananchi kwa simu ulianza na maeneo 200 ya sampuli kwa Bara yote, yenye kata zaidi ya 3,000. Sampuli ya namna hiyo inaweza kuisemea nchi. Chiwanda haiwezi kuisemea. Sasa REDET na wenzao warudi uwanjani na swali la Muungano lenyewe, kwa sampuli kubwa kiasi cha kutoa jibu la Ruvuma peke yake, na waanze kuuliza kabla mchakato mwingine wa katiba haujafunguliwa.