Tai wa Mto Chilkat

Karibu na mji mdogo wa Haines, katika pembe ya kusini-mashariki ya Alaska, barabara kuu hufuatana na mto Chilkat. Baina ya maili ya 18 na ya 24 ya barabara hiyo, wapiga picha hukusanyika kila mwaka kuanzia Oktoba, na hasa mwezi wa Novemba, wamevaa makoti mazito, kamera zao zimesimama juu ya miguu mitatu. Mbele yao kuna mto uliogawanyika baina ya mafungu ya changarawe, nyuma yake milima yenye theluji, na juu ya miti iliyopukutika majani wametua tai wenye vichwa vyeupe, pengine kumi au zaidi katika mti mmoja. Kuna miaka ambayo hesabu yao bondeni imepita 3,000. Amjuaye furukombe wa Ziwa Viktoria hatamwona ndege huyu kuwa mgeni sana: kichwa ni kile kile cheupe, na tamaa ya samaki ni ile ile.

Sababu ya mkutano huu imo majini. Pale mto Tsirku unapoingia katika Chilkat, umelundika kwa karne nyingi fungu kubwa mno la mchanga na changarawe. Maji ya kiangazi huzama humo kama katika birika, kisha hutoka polepole wakati wa baridi yakiwa na uvuguvugu kidogo, hata mto usigande hapo ilhali mahali pengine umefungwa na barafu. Samaki aina ya samoni huja kutaga huko wakiwa wamechelewa, na wakishataga hufa. Mizoga yao ndiyo karamu ya tai.

Lakini mtu aliyefika Alaska mwaka 1920 angaliwakuta watu wakiwalenga ndege hawa kwa bunduki. Mwaka 1917 baraza la kutunga sheria la Alaska, ambayo wakati huo haikuwa bado jimbo kamili la Marekani, liliweka zawadi ya senti 50 kwa kila tai aliyeuawa. Mwuaji alileta jozi ya miguu kuwa ushahidi. Baadaye zawadi ikapandishwa kuwa dola 1, kisha dola 2. Wavuvi walishtaki kwamba tai anamaliza samoni, na wafugaji wa mbweha kwamba ananyakua watoto wa wanyama wao. Shtaka la wavuvi lilikuwa dhaifu, maana sehemu kubwa ya samoni waliwao na tai wamekwisha taga na kufa. Mitego mikubwa ya viwanda vya samaki wa makopo ilivua kuliko tai wote, wala hakuna aliyeiwekea zawadi.

Zawadi ilipokomeshwa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, tai zaidi ya 100,000 walikuwa wamekwisha lipiwa. Ajabu ni kwamba ndege huyu yumo katika muhuri wa Marekani tangu 1782, na sheria ya kumlinda ilipitishwa 1940. Ila sheria hiyo iliiacha Alaska nje mpaka ilipokuwa jimbo mwaka 1959. Kusini alikuwa fahari ya taifa. Kaskazini alikuwa mwizi mwenye bei.

Kando ya mto huo huo kipo Klukwan, kijiji cha Watlingit. Jamii yao imegawanyika pande mbili, Kunguru na Tai, na kwa desturi mtu huoa upande usio wake. Hivyo miguu iliyotiwa bei mwaka 1917 ilikuwa ya ndege ambaye nusu ya wenyeji huitwa kwa jina lake.

Katika miaka ya 1970 ugomvi mwingine ulizuka, baina ya waliotaka kukata miti ya bonde na waliotaka ibaki. Mwaka 1982 zilitengwa ekari 48,000 ziwe hifadhi ya tai, na wenyeji wakaachiwa kuendelea kuvua na kuwinda kwa desturi zao.

Mpiga picha wa leo huombwa abaki kando ya barabara, asishuke kwenye changarawe. Tai aliyeshtushwa akaruka bure hupoteza nguvu alizozipata kwa samaki, na baridi ya huko haimrudishii upesi. Basi watu husubiri. Mchana wa Novemba ni mfupi, jua halipandi juu sana ya milima, na mara nyingi ndege hutua mtoni wakati nuru imekwisha.