Asokiri Si Mkana Mungu

Kamusi mpya ya istilahi za siasa iliyopita mezani kwangu imeliingiza tena neno "mkana Mungu", safari hii kwa kistari katikati, kana kwamba kasoro yake ilikuwa ya tahajia.

Mtu hukana anachodaiwa kukijua: deni, mtoto, shtaka. Petro alimkana Bwana wake mara tatu hali akimjua. Kortini, mshtakiwa anayekataa kujibu huandikiwa kuwa amekana. Hapo hakimu anabanwa na sheria. Kamati zetu za istilahi zimebanwa na nani?

Chukueni kesi ya Roy Torcaso wa Maryland, Marekani. Aliteuliwa kuwa notari, akanyimwa hati ya kazi kwa kuwa alikataa kutamka kwamba anaamini Mungu yupo, kama ilivyotaka katiba ya jimbo. Sharti hilo halikupima kama ni mwadilifu au mghushi. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Hugo Black, ikampa haki: serikali haina mamlaka ya kumlazimisha mtu kukiri imani. Ugomvi ulikuwa juu ya kukiri, si kukana.

Wapo mabingwa wanaojisifu kurudi kwenye Kiyunani: "atheos", yaani a- ya kukanusha na theos, mungu, basi "asiye na Mungu". Hawasemi kwamba Warumi waliwabandika jina hilohilo Wakristo wa kwanza, waliokuwa na Mungu ila si miungu ya dola. Na mitaani kwetu "hana Mungu" huambiwa anayedhulumu mayatima. Istilahi hiyo inampokonya mtu maadili kabla hajafungua kinywa, kama alivyofanya mwanafalsafa John Locke, katika waraka uliochapishwa mwaka 1689, alipoandika kwamba viapo havimfungi mtu wa aina hiyo. Wengine hukimbilia "mulhidi" ya Kiarabu. Mzizi wake, l-h-d, ni kwenda upande, nao ndio uliozaa jina la Kiarabu la mwanandani, sehemu inayochimbwa ubavuni mwa kaburi. Mtu amekwisha kupotoka, na pa kumlaza pako tayari!

Pendekezo langu, lililokataliwa kikaoni bila kujadiliwa na watu ambao sijaona neno hata moja walilobuni, ni "asokiri", wingi "wasokiri". Kirejeshi -so- ni mali yetu: asojua, asoweza. Waliniambia ni cha kishairi, kana kwamba washairi walikitoa ng'ambo.

Nitajibiwa kwamba Madalyn Murray, aliyeshinda mwaka 1963 katika mashauri yaliyokomesha usomaji wa Biblia kama ibada katika shule za umma za Marekani, alikana waziwazi. Naam. Kila akanaye hakiri, lakini si kila asokiri anakana. Jina pana humbeba Murray pamoja na Torcaso. Lao jembamba linamtosa mmoja.

Matumizi: "Wasokiri walipinga sala ya kufungulia kikao cha baraza." Kwa dhana yenyewe, "kutokiri" kunatosha.

Kamati ikitaka kubaki na mkana wake, na ibaki naye. Ila itueleze Torcaso alikana nini.