Kurasa milioni 80 na watakwimu waliojitolea

Hebu fikiria umeingia kwenye jengo lenye unyevu, popo juu, panya chini, na mbele yako marundo ya makaratasi yaliyofungwa kwa kamba, chumba baada ya chumba. Unaambiwa kuna kurasa kama milioni 80. Unatakiwa useme zimeandikwa nini.

Ukisoma ukurasa mmoja kwa dakika moja, saa 8 kwa siku, utamaliza baada ya miaka zaidi ya 450. Na hapo hujapumzika hata Jumapili moja.

Jengo hilo lipo kweli, katika Jiji la Guatemala, Amerika ya Kati. Julai 2005 maafisa wa ofisi ya mtetezi wa haki za binadamu walifika kwenye kituo cha polisi kukagua hatari ya milipuko iliyokuwa imehifadhiwa hapo. Wakakuta makaratasi. Ilikuwa hifadhi nzima ya Polisi wa Taifa, kikosi kilichovunjwa baada ya mkataba wa amani wa 1996. Nchi hiyo ilikuwa imepitia vita vya ndani vya miaka 36, na tume ya ukweli iliyotoa ripoti yake 1999 ilikadiria watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kupotezwa. Tume hiyo iliwahi kuomba nyaraka za polisi, ikajibiwa kwamba hazipo. Kumbe zipo!

Sasa, kazi ya kusafisha, kupanga na kupiga picha kurasa ilianza mara moja. Lakini familia zilizokuwa zimesubiri tangu miaka ya 80 hazikuwa na miaka mingine 450. Ndipo watakwimu wakaitwa. Kundi la Human Rights Data Analysis Group, lililoongozwa na Patrick Ball, liliingia na wataalamu wake, akiwemo Daniel Guzmán. Kwenye suala gumu zaidi, yaani namna ya kuchagua kurasa za kusoma, walisaidiwa na watakwimu wazoefu kutoka Marekani waliojitolea, miongoni mwao Gary Shapiro na Paul Zador. Hawa walikuwa mabingwa wa sampuli, watu waliozoea tafiti za kaya. (Shapiro huyohuyo alikuwa mmoja wa waliosimamisha Statistics Without Borders, mtandao wa watakwimu wanaojitolea, mwaka 2008.)

Labda unajiuliza: ugumu uko wapi? Si uchukue karatasi chache tu usome?

Darasani tunapenda mfano wa mchuzi: huhitaji kunywa sufuria nzima kujua kama chumvi imekolea, kijiko kimoja kinatosha. Sawa, lakini mfano huo una sharti ambalo mara nyingi tunalipitia haraka. Lazima ukoroge kwanza. Hifadhi ya nyaraka haikorogwi. Mtunza nyaraka atakufukuza ukijaribu, na ana haki, kwa sababu mahali karatasi ilipolala ni sehemu ya ushahidi: ilikuwa faili gani, ofisi gani, jirani yake ni ipi. Halafu hakukuwa na orodha. Kwenye utafiti wa kaya una orodha ya vijiji na nyumba. Hapa hakuna aliyejua hata kuna nyaraka ngapi.

Kwa hiyo waligeuza jengo lenyewe kuwa ramani. Vyumba, rafu, marundo, mafungu, kila kimoja kikawa kama kijiji na mtaa wake, na bahati nasibu ikaamua uende wapi na uchomoe karatasi ipi. Ukishairekodi, inarudi palepale.

Kisha kuna uzito. Chukua rundo la karatasi 10 na jingine la karatasi 1,000, uchomoe moja kila upande. Ya kwanza inasimama kwa niaba ya 10, ya pili kwa niaba ya 1,000. Ukizihesabu sawa umejidanganya. Na wakati huohuo watunza nyaraka walikuwa wanaendelea na kazi yao, marundo yanahama! Kukokotoa uzito katika hali hiyo ni kichwa kuuma, na watu hawa walilibeba kwa kujitolea.

Ilisaidia nini? Tarehe 18 Februari 1984 Edgar Fernando García, mwanafunzi na kiongozi wa wafanyakazi, alikamatwa mtaani na hakuonekana tena. Mkewe, Nineth Montenegro, alishiriki kuanzisha chama cha familia za waliopotezwa. Miaka 25 baadaye, ndani ya hifadhi ile, ilipatikana karatasi inayopendekeza polisi wanne wapewe tuzo kwa operesheni ya siku ileile, eneo lilelile.

Karatasi hiyo haikupatikana kwa sampuli. Sampuli haitafuti sindano. Ila wakili yeyote wa utetezi angeweza kusema: mmeokota mnachotaka kwenye lundo la mamilioni. Hapo ndipo Guzmán aliposimama mahakamani mwaka 2010 na kueleza, kwa kutumia kurasa ambazo hakuna binadamu aliyezichagua, jinsi nyaraka zilivyosafiri kati ya ngazi za polisi. Oktoba mwaka huo polisi wawili wa zamani walihukumiwa miaka 40 kila mmoja. Mwaka 2013 ikawa zamu ya aliyekuwa mkurugenzi wa polisi wakati ule, Héctor Bol de la Cruz, naye miaka 40.

Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika nayo ilitoa hukumu kuhusu kesi hiyo 2012. Hadi siku hiyo familia ilikuwa bado haijaambiwa García yuko wapi.