Wadandiaji wa Kompyuta: Historia Fupi na Kosa Langu

Kamati ya jarida iliponitaka niandike makala ya historia, hapana shaka ilitegemea niandike juu ya boma la Wajerumani pale Biharamulo. Naomba radhi. Nimechagua historia ya jambo dogo lililotuingilia bila hodi, yaani programu za matangazo zinazodandia programu nyingine tunazopakua katika intaneti. Mimi ni mtumishi wa serikali tu, wala si fundi wa mitambo, lakini jambo hili liliwahi kunitia aibu.

Tuliosoma hapa Nyarubungo miaka ya 1990 tunakumbuka kuwa mashine ya kuheshimiwa shuleni ilikuwa taipureta ya ofisini kwa Mkuu wa Shule. Mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na hata baada ya marufuku hiyo kuondolewa, kompyuta zilichelewa sana kufika vijijini. Intaneti nayo ilipita kwenye setilaiti kwa gharama kubwa, mpaka mkongo wa SEACOM wa chini ya bahari ulipozinduliwa Dar es Salaam Julai 2009. Basi wengi wetu tulipoanza kupakua programu za bure, wenzetu wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kusumbuliwa na wadandiaji hawa kwa miaka kumi.

Asili yake ni riziki. Watunga programu wadogo waligawa kazi zao bure, kisha kampuni za matangazo zikawalipa ili watie humo kipande cha kuonyesha matangazo. Baadaye vipande vingine vikawa vinabaki ndani ya mashine hata programu yenyewe ikifutwa. Mwaka 2000 Mmarekani Steve Gibson alikikuta kipande cha kampuni ya Aureate ndani ya kompyuta yake, akatunga OptOut, mojawapo ya programu za mwanzo za kuwang'oa wageni wa aina hiyo. Hata hivyo hawakukoma. Kazaa, programu ya kubadilishana muziki iliyovuma tangu 2001, iliingia katika kompyuta nyingi mno duniani ikiwa na wadandiaji mgongoni.

Kisha ikaja zamu ya maghala ya programu. Desemba 2011 mtunzi wa Nmap, programu maarufu ya kukagua mitandao, alilalamika hadharani kwamba tovuti ya Download.com ilikuwa imeifunga kazi yake ndani ya kisakinishi kilichobeba upau wa matangazo na kubadili ukurasa wa kwanza wa brauza ya mtumiaji. Wenye tovuti waliomba radhi, lakini mchezo ulikuwa umekwisha kuenea.

Aliyesafiri kutoka Lusahunga hadi Rusumo anamjua mdandiaji wa lori. Hungoja mlimani, lori lipunguze mwendo, naye huruka nyuma dereva asijue. Mdandiaji wa kompyuta mara nyingi ana tofauti moja: yeye huomba ruhusa. Huiomba kwa maandishi madogo, kisanduku kikiwa kimekwisha kutiwa tiki, nasi tunabonyeza Next, Next, mpaka mwisho. Tunakuwa tumemfungulia mlango wenyewe.

Ndivyo nilivyofanya mwaka 2012, nikiwa kazini mbali na wilaya yetu. Tulikuwa na barua za wastaafu za kubadilishwa ziwe katika muundo mwingine wa faili. Mchana mmoja nilikaa kwenye kompyuta ya katibu muhtasi wetu, nikapakua programu ya bure ya kazi hiyo, nikabonyeza Next bila kusoma. Kesho yake brauza ilikuwa na ukurasa nisioujua, matangazo ya kamari yakirukaruka, na mashine ikienda kwa mwendo wa kinyonga. Mkubwa wetu alimgombeza yule binti mbele ya watu wote, akisema anafungua mambo ya ovyo saa za kazi. Nilikuwapo, nikanyamaza.

Fundi alifika baada ya siku nane. Aliipanga orodha ya programu kwa tarehe, akaonyesha nne zilizoingia siku moja na saa ile ile niliyokaa pale. Ndipo nilipokwenda kwa mkubwa na kusema kweli. Nilipomwomba radhi binti yule alinijibu, "Kaka, kugombezwa nimezoea. Ila yule mzee amekuja mara tatu kuulizia barua yake, nami sina la kumwambia." Maneno hayo sijayasahau.

Alichonifundisha fundi nakigawa kwenu. Kwanza, pakua kwa mtunzi mwenyewe wa programu, wala si kwenye ghala la njiani. Pili, unaposakinisha, chagua Custom, soma kila ukurasa, uondoe tiki usizoziweka wewe. Tatu, ukishaingiliwa, panga orodha ya programu kwa tarehe ufute zilizoingia pamoja, kisha kagua viongezo na ukurasa wa kwanza wa brauza. Mwisho pitisha AdwCleaner, iliyoanza 2011 na ambayo sasa ni ya Malwarebytes.

Wadogo zangu, msidhani haya ni ya kompyuta tu. Mwaka 2020 watafiti walieleza kuwa simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia na nchi nyingine za Afrika zilikutwa na programu zilizowaandikisha wenye simu katika huduma za kulipia bila wao kujua. Kampuni iliyoziunda ilisema msambazaji wa kati ndiye aliyeziweka. Sisi tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ni sheria za maana, ila hazitakusomea ukurasa unaoukubali.

Walimu wetu walikuwa wakituambia tusome swali lote kabla ya kujibu. Tulidhani ni ya mtihani tu.