Nani alitufundisha kama jembe ni azabu? Barua ya historia kutoka Lokandu



Wakati mwaka wa masomo unakaribia kuisha, salamu za hapa Lokandu zinabadilika. Siku zingine watu wanaulizana juu ya mvua, samaki na bei ya muchele. Lakini wakati wa mutihani wa mwisho wa primeri, mama mwenye mutoto wa mwaka wa sita anaulizwa neno moja tu: "Mutoto iko tayari?" Watoto wa vijiji vya mbali wanakuja kwa mutumbwi ao kwa kinga, wanalala kwa ndugu za familia, karibu na shule yenye kuwa santri. Asubuhi wanavaa bluu na nyeupe, biki mbili mukononi, moja ya kuandika, moja ya akiba.

Siku moja mbele ya mutihani nilikaa chini ya mwembe na mutoto wa dada yangu, tunarudilia hesabu. Nikamuuliza: "Unaogopa?"

"Naogopa, mujomba. Papa alisema kama naanguka, atanipa jembe."

Nilicheka. Mimi niko na lisansi ya agronomia, jembe ndiyo kazi yangu! Lakini usiku neno lile halikunitoka. Sababu mama yangu naye, siku nilimuambia ninaenda kusoma agronomia, aliniangalia murefu, kisha akasema: "Ulipita mitihani yote ile juu ya kurudia jembe tena?" Na kwenye shule ya primeri nilisoma, mutoto wa kuchelewa alipewa kupekupe kukata majani, na wa kusumbua alipewa jembe. Hatukuona mwenye kupata pointi nzuri anapewa jembe kama zawadi. Basi nikajiuliza: mafundisho haya yalianza wapi?

Turudi nyuma. Lokandu ya zamani iliitwa Riba-Riba. Wakati wa Tippu Tip ilikuwa kituo cha Waarabu na Waswahili kwenye Lualaba, njia ya pembe na ya watumwa. Vita kati yao na serikali ya Leopold II ilianza mwaka 1892 na ikaisha mwaka 1894. Kisha hapo Lokandu ikajulikana kwa kambi ya askari, na jina hilo la kambi liko mpaka leo. Lakini waungwana waliacha kitu kingine ndani ya Maniema: chuo cha Korani. Kule kupima mutoto ilikuwa kumusimamisha mbele ya mwalimu, asome kwa sauti. Akikosa, anarudilia. Akijua, anaendelea. Fimbo ilikuwako, sitaki kuwadanganya, na biashara ya watumwa ilikuwa pale pale pembeni. Ila hakuna mutu aliyehesabu kwanza nafasi ziko ngapi kisha akaamua watoto wangapi wataanguka.

Shule ya Wazungu ilikuja na mupango mwingine. Mwaka 1906 serikali ya Leopold ilipatana na Vatikani: misioni za Katolika zipate mashamba, kati ya hektari 100 na 200 kwa kila misioni, na zenyewe zifungue shule. Na ndani ya mapatano yale yaliandikwa wazi kama shule itafundisha kilimo na kazi za mikono. Kwa hiyo, ndugu zangu, kilimo kiliingia darasani kwetu zaidi ya miaka mia moja sasa. Muzuri, si vile? Ngojeni.

Mwaka 1917 serikali ya ukoloni ilitia mashamba ya lazima, mupaka siku 60 za kazi kwa mwaka. Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kulimishwa pamba. Mwaka 1942, wakati wa vita ya Ulaya, siku zikapanda mpaka 120. Asiyelima alilipa amande, ao alifungwa, na fimbo ilimungojea. Fikirieni mutoto mwenye kuona baba yake anapigwa juu ya shamba la pamba, pamba yenye haiwezi hata kuliwa. Mutoto huyo atapenda jembe namna gani?

Kisha ikafika mwaka 1948. Programu mupya ya primeri ilisema hivi: miaka miwili ya kwanza watoto wote pamoja. Kisha wanachaguliwa. Wale wachache wenye kuonekana na akili wanaingia daraja la "kuchaguliwa", lenye Kifaransa, lenye kuelekea sekondari. Wengine wanaingia daraja la "kawaida", lenye kuwatayarisha kubaki kijijini, na kazi za shamba ndani. Umeona? Mutoto wa miaka nane ao tisa amekwisha kugawanywa: huyu kalamu, yule jembe. Aliyechaguliwa aliweza kukuwa karani, na karani hakulimishwa pamba. Mutihani ukakuwa mulango wa kutoka shambani.

Kwangu mimi, jibu liko hapo. Papa ya yule mutoto hakutunga ile maneno. Aliiriti.

Uhuru ulifunga daraja zile mbili. Mwanzo wa miaka ya 1960, programu mupya iliwaweka watoto wote kwenye primeri moja, na Kifaransa kikaingia tangu mwaka wa kwanza. Mwaka 1967 Exameni ya Leta ilianza kwa wenye kumaliza sekondari, ile yenye inatufanya tumwagiane pudri kichwani siku matokeo yanatoka. Mwaka 1974 Mobutu alitwaa shule za misioni, mwaka 1977 akazirudishia makanisa waziongoze. Miaka ya 1990 leta ilishindwa kulipa walimu, wazazi wakabeba mzigo kwa minervali na primu. Hapo shamba lilifanya kazi yenye hakuna mutu aliisifu: gunia la mupunga na bidoni ya mafuta ya mawese ndiyo vililipa walimu wetu. Katiba ya mwaka 2006 iliandika kama primeri ni ya bure, na mwaka 2019 leta ilianza kuitumikisha kweli.

Tulisoma kwa jasho la jembe, lakini tukafundishwa kulikimbia.

Na mutihani wenyewe? Sisi tuliuita TENAFEP, siku hizi wanasema ENAFEP: Kifaransa, hesabu, maarifa ya jumla. Sheria ya mwaka 2014 inakubali luga za taifa, Kiswahili ndani yake, kama luga za kufundishia. Lakini mutihani unakuja kwa Kifaransa. Chini ya ule mwembe nilimusomea mutoto swali la shamba lenye pembe ine. Alinyamaza kwa neno "superficie". Nikamuuliza kwa Kiswahili: shamba la bibi yako la mupunga, urefu hatua 50, upana hatua 30, ukubwa wake? Hakuandika hata kitu. "1.500, mujomba." Anajua, sababu kila musimu anapima na bibi yake. Sasa tunapima hesabu, ao tunapima Kifaransa?

Sisemi mutihani uondolewe. Bila kipimo, mwalimu hajui nani wa kusaidia. Lakini wenzangu wa agronomia wanajua: ukitaka kujua udongo wa shamba, hauchoti pahali pamoja. Unachota huku na kule, unachanganya, ndipo unasema. Udongo tunauhurumia hivyo. Mutoto tunamuchota asubuhi moja, kwa luga ya pili, kisha tunamuambia nafasi yake duniani.

Asubuhi ya mutihani nilimusindikiza. Nikamuambia: "Ukipita, nitakupa jembe."

Akasimama. "Na kama naanguka?"

"Nitakupa jembe vile vile, na tutarudilia hesabu. Jembe si ya wenye kuanguka. Ni ya wenye kula."

Alicheka, akaingia. Matokeo tunangojea bado.

Wenye kuwa walimu kati yetu, ninawaomba jambo moja dogo. Mwaka huu, mutoto akisumbua, mutafutie azabu ingine. Jembe muliweke kwenye somo. Na wewe mwenye kusoma, kwenye shule yako jembe walimupa nani?