Shingo Iliyovunjika

Waswahili husema sikio halipiti kichwa. Mimi huongeza kwamba kichwa nacho si kitu bila shingo. Pingili mbili za juu kabisa za shingo ndizo zinazokibeba na kukigeuza, na ndani yake hupita ugwe wa neva uendao mwilini. Zikivunjika au kuteguka, uhai huwa mashakani.

Katika hati ya mafunjo ya Misri ya yapata mwaka 1600 K.K., ijulikanayo leo kwa jina la Edwin Smith, tabibu anaeleza habari za mtu aliyeteguka pingili ya shingo, asiyehisi mikono wala miguu yake. Hukumu yake ni kwamba hilo halitibiki. Simlaumu, alisema alichokiona, wala hakumuuzia mgonjwa tumaini la uongo.

Linalonishangaza ni mahali ilikotoka elimu ya kuipindua hukumu hiyo. Mwaka 1913 Frederic Wood Jones alichunguza mifupa ya watu walionyongwa, akaonyesha jinsi fundo la kamba chini ya kidevu linavyovunja pingili ya pili. Shabaha ilikuwa kuua upesi. Mwaka 1920 Geoffrey Jefferson wa Uingereza alieleza jinsi pingili ya kwanza, iliyo kama pete, inavyopasuka kuelekea nje na mara nyingi kuusalimisha ugwe. Mwaka 1965 Schneider na wenzake wakauona mvunjiko ule wa kitanzi kwa majeruhi wa ajali za magari. Wakaupa jina la mnyongaji, ingawa wengi wa majeruhi wa namna hiyo huishi.

Kabla ya hapo, mwaka 1959, Jacquelin Perry na Vernon Nickel wa Marekani walieleza pete ya chuma inayokazwa kwenye fuvu kwa skurubu na kushikizwa kwenye plasta ya kifuani. Waliitengeneza kwa ajili ya wagonjwa waliopooza shingo kwa polio. Ikaja kuwafaa waliovunjika: mfupa hutulia hadi uunge, na mgonjwa akatembea.

Basi kitanzi na polio vilitufunza kuokoa. Lakini ugwe ukikatika, hata leo hauungiki. Kwa hiyo naiogopa zaidi mikono yetu ya huruma barabarani, inayomnyanyua majeruhi kwa pupa, kichwa kikining'inia. Kishikwe kitulie, asubiri machela. La sivyo, hukumu ya tabibu wa Misri tutakuwa tumeirudisha sisi wenyewe.