Gari-nyumba mbele ya nyumba yako Uingereza: soma hati kabla ya kununua

Kila msimu wa joto ukikaribia huku Uingereza, napigiwa simu na jamaa zetu wa Pwani wanaoishi huku. Swali ni lile lile: "Kaka, nikinunua gari-nyumba nikaliweka mlangoni kwangu, nitasumbuliwa?"

Gari-nyumba ni gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Wenyeji hulitumia kwa safari. Sisi wengi hulitaka kwa sababu nyingine. Nyumba zetu huku ni ndogo, na mzazi akija kututembelea kutoka Mombasa au Lamu, hakuna chumba cha kumpa. Gari hilo likikaa mbele ya nyumba, mgeni amepata pa kulala na faragha yake.

Mimi nilinunua langu kwa akiba ya miaka minne, mama yangu akiwa tayari ameshakata tiketi. Wiki tatu baadaye nikaletewa barua ya wakili. Niliyojifunza baada ya barua ile ndiyo haya. Nayaandika kwa walio huku, na pia kwa mlio nyumbani wenye watoto na ndugu Uingereza. Lawama ya "mbona hukutupokea vizuri" mara nyingi huanza kwa kutojua mambo kama haya.

Kwanza: kaunsili inasema nini

Wengi wetu hukimbilia kuuliza kaunsili, tukidhani ndiyo yenye kukataza. Kwa Uingereza na Wales, sheria ya mipango ya miji na vijiji ya mwaka 1990 iko upande wako zaidi ya unavyodhani. Kutumia kiwanja cha nyumba yako kwa jambo linaloambatana na maisha ya nyumba hiyo hakuhitaji kibali. Kuegesha gari-nyumba lako hapo ni jambo la aina hiyo. Mgeni wako kulala ndani yake, huku akila na kuishi nanyi kama mtu wa nyumba, kwa kawaida ni vivyo hivyo.

Mambo hubadilika ukilipangisha, au mtu akihamia humo akaishi maisha yake mbali na nyumba, anapika kwake, analala kwake, kama mpangaji. Hapo kaunsili inaweza kusema umefanya makazi mapya bila kibali, na ikakuamuru uyaondoe. Ukiwa na shaka, unaweza kulipa ada na kuomba cheti cha kuthibitisha kwamba matumizi yako ni halali.

Pili: hati yako inasema nini

Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Mitaa mingi ya huku imejengwa na kampuni moja, na kampuni hiyo ilipouza nyumba iliandika masharti ndani ya hati. Masharti hayo hufuata ardhi. Mnunuzi wa kwanza akiuza, wa pili anayarithi, na wa tatu vile vile, hata kama hakuna aliyemsomea.

Sisi watu wa Mombasa tusishangae sana. Tumekulia katika mitaa ya nyumba bila ardhi, ambako kuta ni zako na ardhi ni ya mwingine, na mwenye ardhi ana lake la kusema. Huku ardhi nimeinunua kweli, lakini neno la aliyeiuza zamani bado limo ndani yake. Hati yangu ilisema kusiwekwe karavani, mashua wala gari la biashara mbele ya nyumba.

Nilijaribu kujitetea kwamba karavani ni kile kibanda kinachovutwa, na langu lina injini. Wakili wangu akanionyesha sheria ya karavani ya mwaka 1960. Maana ya karavani katika sheria hiyo inaingiza pia gari la injini lililoundwa au kugeuzwa ili watu wakae ndani. Maneno ya kila hati husomwa kivyake, na pengine lako litakuokoa, lakini usinunue gari kwa kutegemea ubishi huo.

Jua pia kwamba sharti la hati si kazi ya kaunsili. Anayeweza kulidai ni kampuni iliyoliandika au jirani ambaye ardhi yake inafaidika nalo, na hulidai mahakamani. Mahakama inaweza kukuamuru uliondoe gari, na gharama za kesi zikakuangukia wewe. Kwa hiyo afisa wa kaunsili kukwambia "hapana tatizo" hakukulindi na barua ya wakili.

Nakala ya hati unaipata kwa ada ndogo katika idara ya usajili wa ardhi, hata kupitia intaneti. Kama wewe ni mpangaji, soma mkataba wako na umwombe mwenye nyumba ruhusa ya maandishi.

Tatu: ukiliweka barabarani

Wengine husema, basi nitaliacha nje ya geti. Barabarani gari lazima liwe limelipiwa kodi ya barabara, lina bima, na likishapita miaka mitatu liwe na cheti cha ukaguzi cha kila mwaka. Ukiwa umetangaza kwamba gari halitumiki ili usilipe kodi, haliruhusiwi kukaa barabara ya umma hata siku moja. Kanuni za barabara zinakataza kuegesha ndani ya mita 10 za njia panda, na usiku gari lielekee upande magari yanakokwenda.

Usilipandishe kwenye njia ya waendao kwa miguu. London hilo limekatazwa tangu sheria ya mwaka 1974, isipokuwa penye alama ya kuruhusu. Scotland wamelikataza kwa sheria ya 2019, na kaunsili zilipata uwezo wa kutoza faini kuanzia Desemba 2023. Na kama huna mteremko rasmi wa kuingilia kiwanjani, omba ruhusa kwanza. Kupitisha magurudumu juu ya njia ya miguu kila siku bila kibali ni kosa.

Mwambie pia mwenye bima mahali hasa gari linapolala usiku. Ukitaja uwanja wa nyumba kumbe liko barabarani, siku ya wizi unaweza kukosa fidia.

Nne: jirani

Sheria ya huku haimpi mtu haki ya mandhari. Jirani hawezi kushinda kesi kwa sababu tu gari lako limemziba asione bustani ya ng'ambo. Lakini jenereta inayonguruma usiku ni kero anayoweza kuishtaki. Maji machafu ya gari usiyamwage kwenye mtaro wa barabarani, kwani mitaro mingi huenda moja kwa moja mtoni.

Langu nililipeleka yadi ya kulipia kwa mwezi, siku tano kabla ya mama kufika. Yeye alilala chumbani kwetu, mimi na mke wangu tukalala sebuleni muda wote wa ziara. Hakulalamika, lakini aliona, na alirudi Mombasa siku kumi kabla ya tarehe aliyopanga.

Baada ya miezi, jirani yule alizungumza na mke wangu kwenye uzio. Alisema alidhani tumeanza biashara ya kupangisha. Lau angejua ni mama anakuja, angengoja aondoke. Sikuwahi kumbishia hodi mzee yule, mimi niliyelelewa kwenye mtaa ambao huwezi kuweka hata ngazi ukutani bila kumwambia wa pili.

Basi ndugu yangu unayetaka kununua, kabla ya kutoa hata pauni moja, chukua nakala ya hati na uisome yote. Kisha pima kiwanja chako, gari liingie lote bila kutokeza njiani. Uliza bei ya yadi iliyo karibu, ikiwa itabidi. Halafu mbishie jirani hodi, umweleze ni nani anayekuja na atakaa siku ngapi.